Matimba Juu ya Bembea

Mimi ni seremala, na sipendi kuambiwa kwamba mbao inasema. Nalitanguliza hilo ili anayesoma ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Hasira zangu haziko mbali. Mke wangu husema nazitunza kwenye mfuko wa shati, pamoja na penseli. Lakini kwa habari hii ya vitu kusema nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ni bibi.

Bibi mzaa baba aliishi upande wa Kishapu. Kuni kule ni shida, kwa hiyo alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka maisha yake yote, na moshi ule ukamwachia macho mekundu. Kwetu bibi mwenye macho mekundu hana bahati, huitwa mchawi. Ng'ombe wa jirani akifa, mtoto wa jirani akiugua, watu wanaanza kunong'ona kwamba wamesikia kitu usiku, na kila aliyesikia kitu amekisikia kinatokea kwake. Tulimhamisha mchana kweupe, kakaa juu ya mkokoteni wa punda na kuku wake wawili, na hakuna jirani aliyetoka kumuaga. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu hapo mtu akija kuniambia amesikia kisichosikika, simsikilizi hadi mwisho. Namwona bibi juu ya mkokoteni, na damu inanichemka.

Karakana yangu iko Kagongwa. Natengeneza milango, vitanda, meza za vibanda vya mchele, kazi za kawaida. Siku moja akaja dada mmoja mchoraji wa majengo kutoka Mwanza, kavaa buti zenye vumbi, mkononi ana karatasi ndefu. Alikuwa anasimamia ujenzi wa uwanja wa michezo wa watoto wa darasa la awali, kwenye kijiji cha wachimbaji wadogo upande wa Geita. Alitaka matao matatu makubwa ya mbao, lile la katikati la kuning'iniza bembea, na yote matatu yapinde kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Nilicheka. Nikamuuliza mti wa kupinda hivyo ataupata wapi, wakati huku kwetu hata mti ulionyooka umekwisha.

Akanifundisha. Unachukua mbao nyembamba, unene wa kidole gumba. Unazipiga randa mpaka ziwe laini, unapaka gundi, unazipanga moja juu ya nyingine, kumi au kumi na mbili, kisha unazipinda zote pamoja kwenye fremu na kuzibana kwa klempu kabla gundi haijashika. Kesho yake ukifungua, zile mbao kumi zimekuwa mbao moja, na mpindo haurudi. Tukaziita boriti za tabaka. Nakiri nilizipenda. Ukikata kichwa cha boriti na kukipiga msasa, unaona mistari ya gundi imelala sambamba kama kurasa, na unajua hakuna mti duniani unaoota hivyo.

Sheria zake zilikuwa mbili tu. Mbao ziwe za aina moja, na ziwe na ukavu mmoja. Akaniambia mbao moja ikiwa na maji tumboni na mwenzake ni kavu, zitavutana ndani ya gundi kama wake wenza kwenye chumba kimoja, na siku moja zitaachana. Akaniachia kifaa cha kupima unyevu, kidogo kama simu, chenye sindano mbili za kuchomeka kwenye mbao. Nikasema nimeelewa. Mimi huwa nasema hivyo haraka.

Nilihamia kijijini kwa miezi ya kazi, nikamchukua binti yangu mwenye miaka sita. Mama yake alibaki Kagongwa na kichanga pamoja na biashara ya mchele, na mikono yake miwili ilikuwa imejaa. Nikapanga chumba karibu na shule, mtoto nikamwandikisha palepale. Alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi wa maneno. Ukimwambia usiguse, ameshagusa na ameshakuja kukueleza kikoje. Wiki ya kwanza tu alikuwa amejua jina la kila mtoto, na mimi nilikuwa bado sijamjua hata mlinzi.

Matao mawili ya pembeni niliyatengeneza kwa mbao za paini zilizotoka Mafinga, mbao nzuri, kavu, rangi ya mkate. Nikayasimamisha. Nikaning'inia mwenyewe, nikaongeza mifuko mitatu ya saruji, hayakutikisika. La tatu likabaki kwa sababu lori la paini liliharibika njiani na dereva akawa kila siku anafika kesho. Siku ya kuzindua uwanja ilikuwa imeshapangwa, wazazi wameshachanga mbuzi.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa mwenye duara. Huku duara ni shimo la dhahabu, na mwenye duara ndiye anayelimiliki na kuwalisha wanaochimba. Akaja kwenye fremu yangu, akatazama, akasema, "Fundi, mbao si tatizo. Mimi nina matimba."

Matimba ni magogo yanayosimikwa ndani ya shimo ili kuta zisianguke. Wachimbaji wanayapanga kuanzia mdomoni kwenda chini, pande zote nne, na mtu anashuka katikati yake kama anashuka ndani ya kabati. Siku hizi wanatumia mikaratusi michanga, lakini yale aliyoniletea yalikuwa ya zamani, mti mgumu wa porini, meusi nje, mazito. Nilipochonga kidogo kwa panga, ndani palikuwa pekundu kama nyama. Nikauliza yametoka wapi. Akasema, "Duara la zamani. Tumelifunga." Sikuuliza zaidi. Mbao kama ile huipati tena, na mate yalishanijaa mdomoni.

Nikayapasua. Harufu iliyotoka haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya udongo wa chini, ule ambao haujawahi kuona jua, na ilikaa kwenye nguo zangu hata zilipofuliwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji kwa watoto wa shule alipita na ndoo yake kichwani, akasimama. Tukaamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka. Akaweka ndoo chini, akalaza kiganja juu ya ubao mmoja, akakiacha pale kwa muda mrefu. Nikamuuliza, "Mayu, mama yangu, unataka kuni?" Akatikisa kichwa, akabeba ndoo yake akaenda. Nilidhani ana mawazo ya nyumbani kwake.

Mbao nikazianika kivulini wiki tatu. Nikachomeka sindano za kile kifaa, namba ikaja ndogo, kavu kabisa. Nikazichanganya na zile paini chache zilizobaki, tabaka nyekundu, tabaka nyeupe, nikajisifu kwamba litakuwa tao zuri kuliko yote. Kweli lilikuwa zuri. Watu walikuja kulipiga picha. Tukalisimamisha katikati, tukafunga bembea mbili, na watoto wakaruhusiwa kuanza kucheza kabla ya uzinduzi ili tuone kama kuna cha kurekebisha.

Lilianza kugonga siku ya nne.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua la Oktoba, hakuna mtoto uwanjani. Nilikuwa napaka mafuta kwenye nguzo. Nikasikia ko, ko, ko. Mara tatu, polepole, sauti ya chini, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina mgonjwa. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikazunguka tao, nikaweka mkono. Mbao ilikuwa na joto upande wa jua, na upande wa chini, pale juu ya bembea, ilikuwa baridi. Nikajiambia ni jua, mbao inatanuka, kila paa la bati linagonga saa sita mchana. Nikaendelea kupaka mafuta. Lakini nilijikuta nimehamia tao la pembeni kabla ya kumaliza la katikati.

Jumatatu, saa nne ya uji, watoto wamejaa uwanjani. Tao likagonga. Ko, ko, ko. Nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona shule yoyote. Watoto wote waliacha walichokuwa wanafanya na wakaondoka. Hawakupiga kelele. Hawakusukumana. Aliyekuwa juu ya bembea aliruka, aliyekuwa anakula mchanga aliuacha mdomoni, wakatembea upesi mpaka kwenye mlingoti wa bendera, wakasimama, wakaanza kuhesabiana wenyewe kwa kugusana mabega. Mkubwa wao, msichana wa miaka saba hivi, akauliza, "Tumetimia?" Wakajibu, "Tumetimia." Binti yangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa wa kwanza kufika mlingotini.

Nilimwuliza mwalimu mkuu hii ni michezo gani. Alikuwa mzee mpole, karibu na kustaafu. Akanieleza kwamba watoto hawa baba zao wanashuka chini, na kila mchimbaji anafundishwa sheria moja siku ya kwanza: matimba yakilia, toka kwanza, uliza ukiwa juu. Wanaifundisha na nyumbani, kama wengine wanavyofundisha watoto kunawa mikono. Akasema, "Fundi, wao kwao mbao ikigonga ni neno."

Nikasema, "Mwalimu, hili si shimo. Hii ni bembea."

Akasema, "Sawa fundi." Lakini hakuwarudisha watoto.

Na kile kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Yule mama wa uji aliacha ndoo yake kwenye uzio, akaokota jiwe, akaingia uwanjani mwenyewe akiwa amenyooka, akagonga mguu wa tao langu. Ko, ko, ko. Kisha akaweka sikio.

Nilimfuata kwa hatua tatu. Nilimwuliza kwa sauti ambayo shule nzima ilisikia kama anataka kuniharibia kazi. Hakuruka wala hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kupiga chafya. Kisha akaniambia.

Mume wake alikuwa kwenye duara lile. Walikuwa wanne. Shimo liliporomoka mchana, likafunga upande wa chini, na wale wa juu walisikia wanagonga matimba, mara tatu, mara tatu. Chini huko ndivyo mtu anavyosema nipo. Wa juu anajibu mara tatu, maana yake nimekusikia. Yeye alikaa mdomoni mwa shimo na jiwe, akajibu siku mbili, mkono ukavimba, akahamia mkono wa pili. Siku ya tatu hakuna aliyegonga. Walifukia juu wakaweka msalaba. "Matimba ya shimo lililobaki na watu hayatolewi, fundi. Yanaachwa pamoja na watu wake. Kila mtu hapa anajua. Tulidhani na wewe umeambiwa."

Nilipomfuata mwenye duara hakuficha. Alisema hakuchimbua watu, alitoa yale ya juu tu, ya mdomoni, hatua chache kwenda chini. Akasema tena, akiwa anamaanisha kabisa, "Nilijua ukiyapasua na kuyapiga randa na kuyatia gundi, si matimba tena. Ni mbao." Na mimi niliamini hivyo hivyo.

Mtu mwenye busara angevunja tao siku ile. Mimi niliona mkokoteni. Niliona watu wanaanza kunong'ona, leo mbao inagonga, kesho ni nani aliyeileta, keshokutwa ni mama wa uji mwenyewe ambaye macho yake, kwa moshi wa kuni za uji, yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Nilijiambia nikivunja tao hili nitakuwa nimekubali. Na tuseme ukweli, niliona pia jina langu. Fundi wa boriti za tabaka kashindwa na mzimu. Nani angeniita tena?

Nikampigia simu yule dada mchoraji, nikamwambia kuna mlio mdogo. Akauliza swali moja tu, "Fundi, umechanganya mbao?"

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini nilisema hapana. Ninajua. Nilisema hapana kwa sababu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na alikuwa ameniambia. Akasema, "Basi watoe watoto mpaka nije. Nitafika Jumatatu." Nikasema sawa dada, na ujumbe huo haukutoka kwenye simu yangu.

Siku iliyofuata tao lilipogonga na watoto wakaondoka, nilikwenda mlingotini nikamshika binti yangu mkono. Nikamrudisha mbele ya wote, nikamkalisha kwenye bembea. Nikainama nikamwambia, "Mbao haisemi. Umesikia? Mtoto wa fundi hakimbii mbao."

"Lakini baba, imegonga."

"Kaa."

"Wenzangu wametoka."

"Nimesema kaa. Hutoki hapo mpaka nikuambie mimi."

Akakaa. Nikamsukuma kidogo ili ionekane anacheza. Watoto wote walikuwa mlingotini wanatutazama, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Yule msichana mkubwa akauliza, "Tumetimia?" Wakagusana mabega tena. Kisha mmoja akasema, "Bado mmoja." Walibaki wamesimama vile hadi kengele, hawataki kuondoka kwa sababu hawajatimia.

Ikawa hivyo kila siku ya wiki ile. Saa nne, jua linaanza kuwaka, ko, ko, ko. Watoto wanaondoka kimya. Binti yangu anabaki peke yake kwenye bembea, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, miguu haifiki chini, na macho yake yako kwangu. Mama wa uji anaingia na jiwe, anajibu, anaweka sikio, anatoka. Nilikuwa nimeacha kumfukuza. Siku ya tatu nilianza kungoja ajibu, maana asipojibu tao liligonga tena. Niliona hilo kwa macho yangu na sikumwambia mtu. Chumbani jioni mtoto hakunieleza tena habari za siku. Aliniuliza kama anaweza kunywa maji. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani ameanza kuwa na adabu.

Ijumaa palikuwa na upepo mkavu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya ofisi, hatua kama ishirini, nina kikombe cha chai mkononi. Tao likagonga. Watoto wakaondoka. Mama wa uji akaokota jiwe lake, akagonga. Ko, ko, ko. Akaweka sikio.

Akatoa sikio haraka, akarudi nyuma. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mtoto.

Nikasikia mlio mwingine. Haukuwa wa kugonga. Ulikuwa mwembamba, mrefu, kama kitambaa kinachochanwa na mtu asiye na haraka. Niliujua mlio ule. Kila seremala anaujua. Ni gundi inaachia. Na palepale nilielewa yote: sindano za kile kifaa zinaingia urefu wa ukucha tu, na mti uliokaa miaka chini ya ardhi haukauki tumboni kwa wiki tatu. Nje kavu, ndani maji. Nilipima ngozi. Tao lilikuwa linaniambia wiki nzima, kwa lugha ambayo hata watoto wa awali walikuwa wanaielewa.

Binti yangu alikuwa ameshika minyororo ya bembea. Alisikia. Nilimwona amesikia, mabega yalimpanda. Lakini hakuruka. Alinitazama. Alinitazama usoni, akasubiri, kwa sababu nilimwambia hutoki mpaka nikuambie mimi.

Na mimi nilichelewa. Sitaki kusema uongo hapa, nimeshasema mmoja unatosha. Haukuwa muda mrefu, ni muda wa kumeza mate. Lakini katika muda ule kulikuwa na watoto mlingotini wananitazama, na mwalimu, na mama wa uji, na neno lenyewe lilikuwa lile lao, nililolikataa wiki nzima. Mtoto wangu yuko chini ya tao linalopasuka, na mimi naona haya.

"Toka."

Akaruka. Tabaka la chini lilifunguka kutoka mwisho hadi mwisho, kisha la pili, na tao zima likaja chini upande ule wa bembea. Alikuwa ameshapita. Ndala yake moja haikupita. Alikwenda moja kwa moja mlingotini, mguu mmoja pekupeku, na wale watoto wakamgusa bega. Yule msichana akauliza, wakajibu, "Tumetimia." Ndipo wakaanza kulia, wote kwa pamoja, kama walikuwa wameahirisha.

Nilikwenda kuinua mbao. Nilipata ndala imelala chini ya ubao mwekundu, imebanwa ikawa nyembamba kama karatasi. Nikaweka mkono kwenye uso wa ubao, pale gundi ilipoachia. Ulikuwa umelowa. Mwezi wa kumi, mvua haijanyesha, jua lile, na mkono wangu ulitoka na maji baridi yenye harufu ya chini.

Mpaka hapo naweza kueleza. Unyevu, mvutano, gundi, mjinga mmoja na kiburi chake. Nilimweleza yule dada hivyo hivyo Jumatatu alipofika, na nikamwambia kwamba nilimdanganya. Akaniuliza mtoto yuko wapi. Hakuniuliza kingine.

Lakini kuna kitu kimoja sikumwambia. Mbao zikiwa zimeshaachana, zimelala chini kila moja peke yake, haina cha kuvuta wala cha kuvutwa, zimelegea kama nguo zilizoanuliwa, nilisikia tena. Ko, ko, ko. Ilitoka kwenye ubao niliokuwa nimeushika. Niliisikia kwa viganja kabla ya masikio. Mama wa uji alikuwa amesimama karibu yangu na jiwe lake. Akapiga magoti, akajibu mara tatu, polepole. Tukangoja. Watoto waliacha kulia. Hapakugonga tena, na hapajagonga tangu siku ile. Akaniomba mbao zile, zote. Tukazibeba mimi na mwenye duara na mwalimu mkuu mpaka pale penye msalaba, tukazilaza. Mwenye duara ndiye aliyeshika jembe. Hakuna aliyehutubia.

Tao la katikati nilitengeneza jipya kwa paini, lori lilipofika. Nimelikagua mara nyingi kuliko inavyohitajika. Watoto wanabembea, na hadi leo likigonga bati la jirani kwa jua wanashuka, wanakwenda mlingotini, wanahesabiana, wanarudi. Sasa hivi ninapofika kwa ukaguzi, na mimi naenda. Nasimama nao, nguo zangu zina vumbi la mbao, yule msichana ananigusa bega. Bibi yangu angenicheka. Au asingecheka, yeye alisema mara moja tu, akiwa juu ya mkokoteni, kwamba jirani zake hawakuwa wabaya, hawakujua tu wamsikilize nani. Sikumwelewa kwa miaka thelathini.

Tumerudi Kagongwa. Binti yangu ana miaka minane. Ni mtiifu, majirani wanamsifia, walimu wanamsifia. Haonji chakula bila kuuliza. Mama yake wakati mwingine anamtazama mtoto na kisha ananitazama mimi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunavuka barabara kwenda kwa mama yake sokoni. Mimi nilikuwa nimeshatangulia upande wa pili. Bodaboda ikaja kwa kasi, na honi juu. Kila mtu alirukia pembeni, hata mbuzi. Mtoto wangu alisimama katikati ya lami. Hakuitazama pikipiki. Aliinua uso akanitafuta, akanipata, akasubiri.

Dereva alimkwepa, akapita na matusi yake. Nilimkimbilia nikamshika, nikamuuliza kwa nini hukutoka, ulisikia honi, kwa nini hukutoka.

Akasema, "Hukuniambia, baba."

Siku hizi namfundisha. Jioni, nikimaliza kazi karakanani, nampa jiwe, namkalisha juu ya benchi ya randa, na mimi nageuka nyuma ili asinione uso. Nagonga mbao mara tatu. Anatakiwa aruke mwenyewe akimbie mpaka mlangoni, agonge hapo kwa jiwe nijue ametoka. Nimejaribu jioni nyingi. Nagonga, nangoja, na nyuma yangu hakuna mlio wa miguu. Kisha nasikia jiwe lake likigonga benchi, mara tatu, polepole, akinijibu kwamba amenisikia na bado yupo pale.